Unataka kuweka Orfeo jukwaani? Haya, Orfeo yupi sasa?

Mara ya kwanza kuiangalia opera ya mtunzi Gluck, Orfeo ed Euridice, ilikuwa kwenye simu, usiku, bando la mwisho mwisho, na bando likakata pale pale jamaa anapogeuka kumuangalia mkewe. Yaani pale pale. Asubuhi nikanunua lingine, nikaitafuta tena, nikaangukia rekodi nyingine na nikabaki nashangaa: jana Orfeo alikuwa mwanaume anayeimba juu kama mwanamke, leo ni mwanaume anaimba kiume, jana Kiitaliano leo Kifaransa, afu leo kuna dansi ndefu ya mashetani ambayo jana sikuiona kabisa, na mtunzi ni yule yule. Nikajua nimekosea opera. Kumbe sikukosea, ndo ilivyo, na hilo ndo fundo nataka tulifungue hapa, manake wengi wetu tunadhani kuweka opera ya karne ya 18 jukwaani ni kuchukua kitabu cha noti, kutafuta waimbaji, kushona mashuka meupe ya Kigiriki, basi. Kwa Orfeo haiendi hivyo. Ukisema tu unataka kuiweka, swali la kwanza utaulizwa yupi, na jibu lako likishatoka linaburuta mengine yote.

Hadithi yenyewe fupi. Orpheus (kwa Kiitaliano Orfeo) ni mwimbaji wa Kigiriki, anapiga kinanda cha nyuzi cha mkononi (wale mnaoijua nyatiti ya Wajaluo mko karibu sana, ni ukoo mmoja wa vyombo), mkewe Eurydice (Euridice) anaumwa na nyoka anakufa, jamaa anamfuata mpaka kuzimu, anawaimbia wenye kuzimu mpaka wanalainika, anaruhusiwa amchukue lakini kwa sharti: usigeuke kumuangalia mpaka mtoke. Sharti la usigeuke nyuma tunalijua toka utotoni, iwe umelisikia madrasa au kanisani, kisa cha Lutu na mkewe. Na kama mke wa Lutu, mtu anageuka. Kwa washairi wa kale hadithi inaishia vibaya sana, Orpheus anampoteza mke mara ya pili na baadaye yeye mwenyewe anachanwachanwa na wanawake waliopandwa na wazimu wa ulevi na ibada.

Hadithi hii opera imeipenda toka opera izaliwe. Peri aliitunga Florence mwaka 1600, Monteverdi akaitunga Mantua mwaka 1607, na sababu haihitaji profesa, shujaa wake ni mwimbaji, kwa hiyo hakuna atakayeuliza mbona anaimba badala ya kuongea.

Sasa Gluck. Tarehe 5 Oktoba 1762, ukumbi wa Burgtheater, Vienna, mbele ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Maneno kaandika Ranieri de' Calzabigi, Mtaliano mmoja mjanja ambaye kabla ya hapo alikuwa Paris anaendesha bahati nasibu pamoja na Casanova, ndiyo, Casanova yule yule, mtongozaji maarufu. Dansi kapanga Angiolini. Na shughuli yenyewe ilikuwa ya kusherehekea siku ya somo wa mfalme Francis, mumewe Maria Theresa, yaani sikukuu ya Mtakatifu Fransisko ambaye mfalme alibeba jina lake. Hiyo siku ya somo iwekeni akilini, itarudi kutusumbua huko mbele.

Walichotaka hawa jamaa ni kupunguza. Opera za wakati ule za mambo makubwa zilikuwa na wahusika sita saba, kila mmoja lazima apewe nyimbo zake za kutosha asinune, na kila wimbo una sehemu ya kwanza, ya pili, afu unarudi ya kwanza tena ili mwimbaji aipambe kwa mbwembwe zake, hadithi imesimama inasubiri amalize. Katikati ya nyimbo kulikuwa na maongezi ya kuimbwa, kitu kama mtu anayesoma utenzi kwa mahadhi, chini yake kinanda kimoja tu kinagusagusa. Gluck na Calzabigi wakabakisha wahusika watatu: Orfeo, Euridice, na Amore ambaye ni mungu wa mapenzi. Kwaya ikafanywa kuwa mhusika wa nne. Yale maongezi wakayapa okestra nzima, hivyo muziki hauna tena pale mahali pa kukatika ambapo watu wanageuka kuongea na jirani. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini mwongozaji wa leo anaona Orfeo ni rahisi, kisha akiingia ndani anakuta hana pa kujificha.

Tuje kwenye sauti, manake hapa ndo kila kitu kinaanzia. Orfeo wa kwanza alikuwa Gaetano Guadagni, na Guadagni alikuwa towashi. Enzi zile Italia wavulana wenye sauti nzuri walikuwa wanahasiwa kabla ya kubalehe ili sauti isivunjike, wanakua na kifua na mapafu ya mtu mzima lakini koo la mtoto. Ukatili mtupu, na ndo hao waliokuwa mastaa. Huyu Guadagni alikuwa na sauti ya alto na alikuwa muigizaji kweli, aliwahi kufanya kazi London na mtunzi Handel na akajifunza uigizaji kwa David Garrick, muigizaji maarufu wa Uingereza, na baadaye, aliporudi London kuimba Orfeo, aliwaudhi watazamaji kwa sababu wakipiga makofi katikati hainami kushukuru wala harudii wimbo, anaendelea kuwa Orfeo. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa kiburi. Kwa leo ndo kazi tunayoitegemea.

Miaka 12 baadaye Gluck anaenda Paris. Marie Antoinette, mwanafunzi wake wa zamani kule Vienna, ndo kwanza amekuwa malkia. Wafaransa hawakuwataka matowashi kwenye opera yao, walikuwa wanawaona kichekesho au karaha, kwao shujaa ni tena (tenor, yaani mwanaume mwenye sauti ya juu ya kawaida ya kiume) anayepanda juu sana, aina ambayo walikuwa nayo wao tu. Basi Gluck akaandika upya. Tarehe 2 Agosti 1774 ikatoka Orphée et Eurydice, kwa Kifaransa, Orfeo anaimbwa na Joseph Legros, noti zimehamishwa, ule wimbo maarufu uliokuwa kwenye ufunguo wa C umepandishwa mpaka F, nyimbo mpya zimeongezwa, na kwa sababu Paris bila bale si opera, dansi zikaongezwa kibao. Ile dansi ya mashetani niliyoiona siku ya pili? Ni ya Paris. Na hata sio mpya, aliichomoa kwenye bale yake ya Don Juan ya mwaka 1761. Ule wimbo wa filimbi wa huzuni kwenye bustani ya wafu wema, ambao hata mtu asiyejua opera ameusikia mahali, nao katikati yake ni wa Paris.

Kwa hiyo ukisema nataka ya Vienna kwa sababu ni fupi na safi, kama saa moja na nusu hivi, umeshakosa dansi ya mashetani na umekosa ile filimbi, ambavyo ndo vitu mtazamaji wako analipia kiingilio. Ukisema nataka ya Paris, unahitaji mwimbaji tena wa namna ile, na hao wapo wa kuhesabu, na unahitaji wacheza bale, na opera inakuwa ndefu.

Afu kuna balaa lingine ambalo mimi lilinichukua muda kulielewa. Noti haijakaa mahali pamoja. Ile A ya okestra ambayo wote wanatune nayo, Paris ya Gluck ilikuwa chini ya tuliyonayo leo kama kwa noti nzima hivi, halafu miaka ikaenda ikawa inapanda, kila okestra inataka kung'aa zaidi, mpaka mwaka 1859 serikali ya Ufaransa ikaingilia kati ikaweka sheria kwamba A ni mitetemo 435 kwa sekunde na basi. Fikiria sasa sehemu ya Legros, ambayo toka mwanzo ilikuwa juu, imebebwa juu zaidi na upandaji huo. Mwimbaji anapasuka. Sio kwamba matena wamekuwa wavivu, ni noti zimewakimbia.

Ndo maana mwaka huo huo wa 1859 Berlioz, mtunzi Mfaransa aliyekuwa anamuabudu Gluck, alipoombwa kuirudisha Orfeo kwenye ukumbi wa Théâtre-Lyrique Paris, alimchukua mwanamke, Pauline Viardot, sauti nzito ya kike, akachukua muziki wa Paris na kuurudisha kwenye kimo cha Vienna. Akachanganya. Na kwa sababu mwisho haukumpendeza, akauondoa akaweka kwaya kutoka opera nyingine ya Gluck. Baadaye, mwaka 1889, wachapishaji wa Ricordi wakatoa mchanganyiko mwingine kwa Kiitaliano, na huo ndo ulizunguka dunia kwa miaka mingi, kwa hiyo watu wengi waliosema wameiona Orfeo ya Gluck waliona kitu ambacho Gluck mwenyewe hakuwahi kukiona.

Leo ukumbi unachagua: mwanamke wa mezo (sauti ya kike ya kati) au alto aliyevaa kiume, au kauntatena, yaani mwanaume anayeimba kwa sauti ya juu bila kuhasiwa mtu, au tena. Mimi, Orfeo wa mwanamke ndo ameniteka, kuna uzito wa kifuani ambao kauntatena wengi hawana, ingawa najua wapo watakaonirukia. Lakini angalia jinsi sauti inavyobadilisha hata picha. Mwanamke akiimba Orfeo, jukwaani una wanawake watatu, Orfeo, Euridice na Amore, na mwongozaji lazima aamue kama anatuficha hilo au analitumia.

Twende jukwaani sasa. Pazia halijafunguka na tayari una tatizo, utangulizi wa okestra ni wa furaha, unarukaruka, haufanani hata kidogo na kinachokuja, manake pazia likifunguka tuko msibani, Euridice ameshakufa, kaburi hili hapa, kwaya inalia. Waongozaji wengi wanajaza utangulizi kwa harusi: maharusi, maua, nyoka, kwisha. Inafanya kazi, japo imeshakuwa kama chumvi, kila mtu anaitia.

Halafu msiba wenyewe. Kwaya inaimba taratibu, na juu yake Orfeo anaita jina tu. Euridice! Mara tatu. Hana neno lingine. Inasimuliwa kwamba kwenye mazoezi Paris Gluck alimwambia Legros alie kama vile kuna mtu anamkata mfupa kwa msumeno. Yeyote aliyesimama kwenye msiba wa karibu anaujua ule mlio, hauna sentensi. Na mwongozaji mwenye akili hapo haongezi kitu, hasogezi watu, anawaacha wasimame.

Sehemu ya pili ndo ya kuonesha mtu asiyeamini opera. Mlangoni kuzimu. Mashetani wa kisasi, kwaya nzima, wamefunga njia, na kwenye okestra nyuzi zinateleza kwa ghafla, hao ni mbwa wa kuzimu wanabweka. Upande wa pili Orfeo peke yake na kinubi. Anaomba, nihurumieni, wao wanamkata: No! Anaanza tena, No! Neno moja, kwa nguvu ya watu wote, juu ya sauti moja nyororo. Kidogo kidogo ile No inapungua ukali, maneno yao yanaongezeka, sauti inashuka, mpaka mwisho wanafungua wenyewe kama watu waliochoka kukataa. Muziki umeshapanga uigizaji wote. Ukiwapa mashetani mapembe na moshi mwingi unauharibu, manake mabadiliko yako kwenye koo zao sio kwenye nguo.

Kazi ngumu ni kutoka hapo kwenda bustani ya wafu wema. Karne ya 18 walikuwa na mashine. Kule Drottningholm, Sweden, kuna ukumbi wa mwaka 1766 ambao ulisahaulika kwa zaidi ya miaka 100 mpaka ukagunduliwa tena mwaka 1921 vitu vikiwa ndani: kuta za mbao zilizochorwa zinateleza kwenye reli, watu chini ya sakafu wanazungusha gurudumu moja na pande zote za jukwaa zinabadilika kwa pamoja mbele ya macho yako, kuzimu inakuwa bustani kwa sekunde chache. Mawimbi ya kuzungusha kwa mkono, ngurumo, mawingu ya kumshushia mungu. Sasa hivi hatuna, au tunayo ya umeme inayopiga kelele.

Jibu lililokuja kubadilisha mambo lilitoka Hellerau, karibu na Dresden, miaka ya 1912 na 1913, ambapo Jaques-Dalcroze, mwalimu wa muziki na mwendo, na Adolphe Appia, mbunifu wa majukwaa, waliweka ngazi. Ngazi tu, na taa. Orfeo anashuka kuzimu kwa kushuka kweli, mashetani wamejazana kwenye ngazi, mwili wake unapita katikati yao. Hakuna kaburi la kuchora, hakuna mwamba wa karatasi. Ukiona leo opera yenye jukwaa tupu na mwanga wa pembeni, mizizi yake mingi iko pale.

Na dansi? Balanchine, mpanga dansi, mwaka 1936 kwenye ukumbi wa Metropolitan New York aliwatoa waimbaji jukwaani kabisa akawaweka shimoni na okestra, juu wanacheza wachezaji, watu hawakuipenda, ikafa upesi. Pina Bausch, mpanga dansi wa Kijerumani, mwaka 1975 kule Wuppertal akafanya kitu cha katikati, kila mhusika ana miili miwili, mwimbaji na mchezaji, mmoja anaimba maumivu mwingine anayabeba mgongoni. Mark Morris, naye mpanga dansi, mwaka 2007, hapo hapo Metropolitan, kwaya yake ya watu kama 100 aliikalisha kwenye majukwaa ya ngazi kama uwanja wa mpira, kila mmoja amevaa kama mtu fulani maarufu aliyekufa, wanatazama chini. Wafu wanawaangalia walio hai wakihangaika. Hiyo nimeipenda.

Haya, twende pale bando langu lilipokatika.

Calzabigi aliongeza sharti la pili ambalo ndo linaleta uchungu: Orfeo asigeuke, na pia haruhusiwi kumwambia mkewe kwa nini hageuki. Fikiria hiyo kama mwanamke. Umetoka kufa. Mumeo amekuja, anakushika mkono, anakukokota, hakuangalii usoni, ukimuuliza anasema twende tu. Kidogo utaanza: kwani nimekuwa mbaya? hunipendi tena? bora ungeniacha kulekule nilikokuwa nimetulia. Watazamaji wengine wanamcheka Euridice kwamba ana kelele, mimi naona ni mtu pekee mwenye akili timamu kwenye hiyo njia. Mwongozaji akimfanya msumbufu, kifo chake kinakuwa kama adhabu. Akimfanya mtu aliyeogopa, tunageuka na Orfeo.

Na kugeuka kwenyewe, ukitafuta kwenye noti hakuna mlipuko. Kunapita ndani ya maongezi, upesi, anageuka, mkewe anaanguka, basi. Wageni wa opera hii wanasubiri ngoma kubwa, haiji. Mkikosea taa sekunde moja watu wanakosa. Halafu unakuja wimbo wenyewe, Che farò senza Euridice, nitafanyaje bila Euridice, na uko kwenye meja! Sauti ya furaha. Hanslick, mkosoaji wa Vienna karne ya 19, alisema ungeweza kubadilisha maneno yakawa ya mtu aliyempata mpenzi na muziki usilalamike. Gluck mwenyewe alilijua hilo, mwaka 1770 aliandika kwamba ukibadilisha kidogo tu namna ya kuuimba unageuka ngoma ya vikaragosi. Kwa hiyo kila kitu kiko kwa kondakta wa okestra (sio wa daladala) na mwimbaji: ukiharakisha ni vikaragosi, ukiburuta ni ubani na sala. Ninaowaamini ni wale wanaourudia mstari ule ule mara tatu na kila mara ni mtu tofauti, wa kwanza hajaelewa, wa pili ameelewa, wa tatu hana nguvu.

Afu Amore anatokea na kusema basi inatosha, umeonesha upendo, mchukue mkeo. Euridice anaamka tena. Furaha, kwaya, dansi. Hapa ndo ile siku ya somo wa mfalme inarudi: huwezi kumkaribisha mfalme kwenye sikukuu yake ukamuonesha mume anachanwachanwa na wanawake. Waongozaji wa leo wengi wanaona aibu na mwisho huo. Bausch aliukata akarudisha kwaya ya msiba ya mwanzo. Romeo Castellucci, mwongozaji wa Kiitaliano, mwaka 2014, Vienna na Brussels, alirusha moja kwa moja ukumbini picha za mgonjwa halisi aliyelala hospitali, asiyeweza kutembea wala kuongea, akiisikiliza opera hiyo hiyo kitandani, kwa ridhaa ya wahusika, na hapo swali la atarudi au hatarudi likaacha kuwa la Wagiriki. Watu waligombana sana kuhusu hilo na mimi bado sijaamua. Ila ukiniuliza kuhusu mwisho wa furaha, ningeuacha, ningekata zile dansi za Paris nusu, na ningemfanya Orfeo asiamini, amuangalie mkewe kwa woga kana kwamba kila akimtazama anaweza kuanguka tena.

Februari 1953, London, ukumbi wa Covent Garden, Orfeo alikuwa Kathleen Ferrier, alto wa Kiingereza, mgonjwa wa saratani. Usiku wa pili, katikati ya onyesho, mfupa wa mguu ukavunjika. Hakutoka. Waimbaji wenzake wakaanza kubadilisha mienendo yao papo hapo, badala ya yeye kuwafuata wao wakamfuata, yeye amesimama ameegemea, anaimba mpaka mwisho, na watazamaji hawakujua. Maonyesho mawili yaliyobaki yakafutwa, hakupanda jukwaani tena, na Oktoba mwaka huo akafariki.